Misumari ya Inchi Nne

Duka letu liko nyuma ya soko la zamani, Malindi.
Nauza bawaba, komeo, kamba ya katani,
saruji kwa kilo kwa asiyemudu mfuko.
Babu alifungua, baba akarithi,
nami Rukaiya nimebaki na kaka yangu Moizi:
yeye Mombasa, mimi kaunta, faida nusu kwa nusu,
na kila Desemba huja na miwani yake kukagua daftari.

Moizi si mbaya. Moizi ni hesabu.
Husema, "Dada, duka si msikiti."

Basi Januari, shule zilipofunguliwa, niliandika:
misumari inchi nne, kilo arubaini.
Mei nikaandika tena. Septemba tena.
Miaka minne hivyo,
kana kwamba Malindi nzima hujengwa kila muhula
na kubomolewa kila likizo.

Sikuwa peke yangu.
Fundi Swabiri alishona sketi mbili, akadai kitambaa kilibaki.
Kijani kile hakijawahi kumbakia mtu.
Mama Nyevu wa viazi karai alitoboa kopo la maziwa,
kila sahani inayouzwa, shilingi moja ndani.
Kijana anayechaji simu alileta godoro kichwani,
akalitupa mlangoni, akaenda zake bila kuaga.
Hatukuitisha mkutano. Hatukutundika bango.
Tulikuwa tu tumemwona Mbeyu, wa Kakuyuni,
siku babake mchonga mawe alipokuja kununua patasi.
Alisoma mfuko wa saruji kwa sauti, wote,
mpaka onyo la kutotia machoni,
kisha akaniuliza:
"Ratili na kilo, ipi humwibia mnunuzi?"

Bibi yangu alitoka Kachi na sanduku la shaba.
Alijua bei ya kila kitu.
Jina lake mwenyewe, likiandikwa, hakulijua.
Katika daftari kuukuu la Kigujarati bado yupo:
dole gumba la wino, duara ndani ya duara,
kama kifundo kwenye ubao.
Nikiwa mdogo nilidhani ni doa.
Nililikwangua kwa ukucha.

Mbeyu alipomaliza kidato cha nne
alikuja kunisaidia kuhesabu stoo kabla Moizi hajafika.
Alikalia debe la rangi, kalamu sikioni,
akajumlisha huku midomo ikicheza.
Akanyamaza. Akajumlisha tena.
"Bi Rukaiya, stoo inakataa.
Tumeuza misumari kilo mia nne na themanini
ambayo hatukuinunua."

Nikajifanya napanga bawaba.
Akafunua nyuma, akafunua mbele.
Januari. Mei. Septemba.
Nilisikia kidole kikishuka ukurasani,
kikasimama.

Hakulia, wala mimi; kazi ilikuwa nyingi.
Alichomoa kalamu, na upande wa bidhaa zilizoingia
akaandika, herufi zimesimama wima:
*misumari inchi nne, kilo mia nne na themanini,
imepokelewa.*
Chini yake jina, yote matatu, Mbeyu Charo Kalume,
hakufupisha hata moja.
Hesabu ikalala sawa.

Moizi alifika, akavaa miwani, akasoma.
Pale alikawia.
"Huyu ni mletaji mpya?"
"Ndiyo."
"Mwaminifu?"
"Kaleta yote kwa mkupuo."
Akafuta miwani kwa ncha ya shati, polepole,
kioo cha kulia, kioo cha kushoto, tena cha kulia.
"Mwakani," akasema, bila kuniangalia,
"agiza na ya inchi mbili."

Kesho yake akaja mteja, anajenga banda la kuku,
ataka misumari, nusu kilo tu.
Tukatazamana, mimi na Moizi.
Duka zima, hatukuwa na hata mmoja.